Siku nne za mwisho Bangkok, na ugomvi wa baht 60

Wiki ya kwanza ya safari hamgombani. Kila kitu kipya, kila mtu mpole, hata kitanda kikiwa kigumu kama ubao mnacheka. Ugomvi wa mke na mume waliobeba mabegi mgongoni huvizia siku za mwisho: pesa zimebaki za kuhesabu, nguo zote zimenuka jasho, na kila mmoja ana orodha yake ya mambo ambayo "haiwezekani tuondoke bila kuyaona". Wetu ulitukuta Bangkok, kando ya barabara, saa nane mchana mwanzoni mwa Aprili. Chanzo chake kilikuwa baht 60, pesa ya kule, za bodaboda.

Tulikuwa tumeshazunguka Thailand kwa wiki nne, kaskazini Chiang Mai, kusini visiwani, na tukabakiza siku nne za Bangkok kabla ya ndege ya kurudi Dar. Mtoto alikuwa kwa bibi yake Tanga. Nawaandikia hasa mnaopanga kwenda wawili, maana ushauri mwingi wa safari huandikwa kana kwamba msafiri ni mmoja na hachoki.

Kosa la kwanza tulilifanya kabla hata ya kufika. Chumba tulikikodi karibu na stesheni ya Hua Lamphong, kwa sababu kitabu cha wageni tulichoazima kilisema treni zote zinaishia hapo. Wakati wake kilikuwa sahihi. Tangu Januari 2023 treni za masafa marefu zinaishia Krung Thep Aphiwat, kule Bang Sue, stesheni kubwa kama uwanja wa ndege. Tukashuka huko alfajiri kutoka Surat Thani, macho mekundu, tukitafuta nyumba ya wageni iliyo upande mwingine wa jiji. Bahati nzuri treni ya chini ya ardhi, ile njia ya buluu, inaunganisha stesheni hizo mbili moja kwa moja. Na chumba chenyewe kikaja kutufaa, maana kwa miguu ulikuwa unafika Yaowarat, mtaa wa Wachina, ambako usiku barabara nzima hugeuka jiko. Kwa hiyo mkitafuta pa kulala, angalieni kwanza kituo cha treni ya mjini kiko wapi. Khao San ina jina kubwa kwa wabeba mabegi, ila kwa siku za mwisho mnahitaji usingizi, na usingizi hauuzwi Khao San.

Siku hiyo hiyo, bila kulala, tukaenda Kasri Kuu la wafalme, lile lililoanza kujengwa 1782. Nje ya ukuta akatupokea baba mmoja mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Kasri limefungwa hadi mchana, akasema, kuna ibada. Ila tusijali, bajaji ile pale itatuzungusha mahekalu matatu kwa baht 20 tu. Wao bajaji wanaiita tuk-tuk, kama Wakenya. Tukapanda. Hekalu la kwanza lilikuwa hekalu kweli. La pili likawa duka la vito.

Muuzaji akafungua kitambaa cheusi, akatoa kijiwe cha buluu iliyoingia zambarau, akashusha sauti: "Tanzanite. Adimu sana. Inatoka Kenya."

Mume wangu amekulia Arusha, na mjomba wake alikuwa mwanaapolo, mchimbaji mdogo, Mererani miaka mingi. Akavuta kiti akaketi. Akamweleza yule bwana, taratibu, kwamba jiwe hilo lilijulikana 1967, na kwamba duniani kote linachimbwa sehemu moja tu, Mererani, wilaya ya Simanjiro. Mimi nilikuwa naangalia mlango. Muuzaji akakunja kitambaa chake, na tulipotoka bajaji ilikuwa imeshaondoka.

Ujanja huo ni wa miaka na miaka pale, na bado unakamata watu. Mtu yeyote anayekwambia kasri limefungwa, na mwenyewe hayuko ndani ya dirisha la tiketi, mpite. Linafunguliwa saa mbili na nusu asubuhi, tiketi zinauzwa mpaka saa tisa na nusu alasiri. Mabega na magoti yafunikwe. Mimi nilijifunga kanga nikapita bila swali. Kanga mbili ndizo zilikuwa mzigo wenye faida kuliko yote niliyobeba: taulo, shuka, pazia la kitanda kwenye treni, vazi la hekaluni. Acheni nyumbani kila kitu, kanga bebeni.

Tukaingia kwa baht 500 kila mmoja. Tulipotoka jua lilikuwa linachoma hadi lami inanuka, na bado orodha yangu ilikuwa na sehemu kumi. Nikasema twende hekalu la Wat Saket kwa bodaboda, madereva wale wa vizibao vya rangi ya chungwa, baht 60 kwa kichwa. Akasema tutembee, tumeshatumia elfu nzima na hatujala. Nikasema kama usingeng'ang'ania kufundisha jiolojia dukani tungekuwa tumeshamaliza. Basi. Tukarudi chumbani hatusemezani, kila mtu na dirisha lake la basi.

Usiku, mbele ya kibanda cha Yaowarat, tuliandikiana masharti nyuma ya risiti, na hayo ndiyo ninayowapa. Kila siku kila mmoja anachagua kitu kimoja, kimoja tu, na mwenzake ama anaandamana bila kununa ama anabaki. Nusu siku tunaachana kabisa. Na pesa zilizobaki tukazigawa kwenye bahasha nne, mbele ya macho yetu wote wawili. Hili la bahasha ningelifanya wiki ya kwanza kama ningejua, kwa sababu mashine za benki zilitukata baht 220 kila tulipotoa pesa kwa kadi ya nyumbani, iwe umetoa kidogo au kingi. Mkitoa vijisenti kila siku mnachangia benki.

Ijumaa tukaachana baada ya chai. Yeye alikwenda bustani ya Lumphini kukaa chini ya mti. Mimi nikapanda boti za mfereji wa Saen Saep, daladala za majini zenyewe. Boti haitulii gatini hata nusu dakika: kondakta mwenye helmeti anatembea ukingoni kwa nje, mkono mmoja ameshika kamba, mwingine anadai nauli, na boti nyingine ikipita mnavuta kamba kuinua turubai la plastiki msirushiwe maji machafu usoni. Mama aliyekaa pembeni alinishika mkono akanionyesha ni kamba ipi. Nikashuka Hua Chang. Ng'ambo ya mfereji kuna mtaa wa Ban Krua, wa Waislamu wa asili ya Kicham, watu wa pande za Kambodia na Vietnam, waliojulikana kwa kufuma hariri. Vichochoro vyake vyembamba, nguo zimeanikwa, paka wamelala vizingitini, na adhana ya Ijumaa ilipopanda nikasahau kabisa niko nchi gani. Kwa sisi tusiokula nguruwe, mitaa kama hiyo ndiyo ya kutafuta chakula. Kwingine nguruwe anaingia hata kwenye mchuzi wa mboga, na kuuliza kwa ishara ni kazi. Tafuteni alama ya halali yenye maandishi ya Kiarabu kibandani.

Jioni mzee wangu alirudi na habari moja tu: kenge. Bustani ile katikati ya jiji ina kenge wakubwa, wengine warefu kama mtu, wanaogelea ziwani na kutembea kwenye majani huku watu wanakimbia mazoezi, na hakuna anayerusha jiwe. Mwanafunzi mmoja alimwambia kuwa jina la mnyama huyo kwa Kithai, hia, ni tusi zito, halitamkwi mbele ya wakubwa. Nilicheka hadi nikaketi. Kwetu pia, mwite mtu kenge uone. Mume wangu alikaa saa tatu akiwaangalia, bila kutumia hata shilingi, na alirudi mtu mwingine.

Manunuzi tuliyaacha Jumamosi kwa makusudi, maana soko la Chatuchak hasa ni la Jumamosi na Jumapili. Siku zenu nne zikiishia ndege ya Ijumaa mtalikosa. Nendeni asubuhi kabla mabati hayajapata moto, na kitu mkikipenda nunueni hapo hapo. Njia za mle zinafanana kama mistari ya daftari. Mkisema "tutarudi", hamtarudi.

Jumapili ikabaki ya mto. Asubuhi Wat Pho, ambako Buddha aliyelala ana urefu wa mita 46, na nyuma yake kuna mabakuli 108 ya shaba ambayo watu wanapita wakidondosha sarafu, moja moja, kling, kling, mpaka mwisho wa ukumbi. Kisha gatini Tha Tien, mashua ya kuvuka, baht 5, na mko Wat Arun. Kwa mbali mnara wake ni mweupe. Karibu unakuta ni vipande vya sahani na vibakuli vya Kichina, maua ya kijani na waridi, vilivyobandikwa kwa maelfu. Inasemwa vilikuja na merikebu kama farumi, yaani shehena ya kuipa merikebu uzito isiyumbe. Nilitia kidole kwenye kitako cha kibakuli kimoja nikakumbuka makaburi ya Kunduchi, yale ya nguzo, yaliyopachikwa vibakuli vya Kichina vivyo hivyo. Tulikaa hapo kivulini mpaka alasiri. Wat Saket sikuiona.

Kwenda uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi hamhitaji teksi: treni kutoka Phaya Thai ni baht 45. Ila kumbukeni doriani, lile tunda lenye harufu kali, hairuhusiwi kwenye treni za mjini. Mimi nilinunua boksi nje ya kituo kabla sijakumbuka. Basi tukaketi juu ya mabegi, pembeni ya ngazi, watu wakitukwepa kwa harufu. Mimi doriani naijua, nimeila Unguja tangu utotoni. Mtu wa Arusha alikuwa hajawahi. Akala kipande, akanyamaza, akatazama saa, akauliza bahasha ya leo imebaki ngapi.