Maswali na majibu: Kufuta volumu moja kwenye mtambo wa hifadhi wa pamoja

Kaka, kwema? Tumehama mfumo wa mishahara, na volumu ya zamani (fungu la nafasi ambalo seva huliona kama diski moja) nimeshaifuta kwenye mtambo wa hifadhi, lile kabati la diski nyingi linalotumiwa na seva kadhaa. Bosi anataka barua kwamba data imeteketezwa. Nisaini? (Msimamizi wa seva, Chumbageni)

Kwema, ndugu yangu. Usisaini bado. Mtambo huikatakata volumu vipande vidogo, huvitawanya kwenye diski nyingi, kisha hutunza ramani ya mahali kila kipande kilipo. Ulichofuta ni ramani. Ni sawa na kukata jina la mwenye mzigo kwenye daftari la ghala pale bandarini: mzigo bado umo ndani, hadi uwekwe mwingine mahali pake. Wala usijifariji kwamba vipande vimetawanyika. Kipande cha kilobaiti 64 kinaweza kubeba mamia ya mistari ya mishahara, majina na akaunti za benki zikisomeka, siku diski itakapochomolewa na kupelekwa kwa fundi.

Nikiandika sufuri juu ya volumu yote kutoka Linux kabla ya kuifuta, si inatosha? (Fundi, Ngamiani)

Kwenye mtambo wa zamani wenye diski za sumaku, na volumu iliyopewa nafasi yake yote tangu mwanzo, inatosha. Mitambo ya sasa ni habari nyingine. Mingi ikipokea sufuri huzitambua, hairekodi chochote, huweka alama tu kwamba eneo hilo ni tupu. Mingine haiandiki kamwe juu ya data ya zamani. Kila kinachoingia hupelekwa mahali papya. SSD, yaani diski za chipu zisizo na sumaku, nazo hufanya hivyo hivyo zenyewe kwa ndani, na zina nafasi ya akiba ambayo seva yako haiioni. Ndiyo maana ukisoma volumu na kukuta sufuri tupu, hujathibitisha kitu.

Ukiamua kuandika data ya kubahatisha (herufi na namba zisizo na mpangilio) badala ya sufuri, angalia kwanza nafasi iliyobaki. Volumu ya terabaiti 10 iliyokuwa imetumia 2 tu itavimba hadi 10. Nafasi ya pamoja ikijaa, volumu za wenzako zitagoma kuandika, na simu zitaanza kukulilia usiku.

Shikamoo. Mkaguzi anataka data ifutwe kwa kuandikwa juu yake mara 35. Ni lazima? (Mhasibu wa SACCOS, Muheza)

Marahaba. Si lazima. Hesabu hiyo ilitoka kwenye makala ya Peter Gutmann ya 1996, iliyohusu diski za enzi zile. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, uitwao 800-88, katika toleo la 2014 uliona mara moja inatosha kwa kawaida kwenye diski za sumaku. Kwa kasi ya megabaiti 200 kwa sekunde, terabaiti 10 huchukua kama saa 14 kwa mara moja tu.

Basi njia ya uhakika ni ipi? (Msomaji, Raskazone)

Kusimba data, yaani kuigeuza isisomeke bila ufunguo wa siri, tangu siku ya kwanza, kila volumu na ufunguo wake. Ukiharibu ufunguo pamoja na nakala zake zote, kilichobaki kwenye diski hakisomeki. Ila mitambo mingi husimba kwa ufunguo wa diski au wa mtambo mzima, na huo huwezi kuuharibu bila kuwaangamiza wengine. Muulize muuzaji swali hilo kabla ya kulipa. NetApp Volume Encryption, ya mitambo ya kampuni ya NetApp, hutoa ufunguo kwa kila volumu. Vinginevyo simba kwenye seva kwa LUKS (ya Linux) au BitLocker (ya Windows), ukijua kwamba mtambo hautaweza tena kubana data hiyo.

Kama data iliingia bila kusimbwa, kama ile ya Chumbageni, andika ukweli huo kwenye barua, kisha diski zisitoke ofisini kabla ya kufutwa zote au kusagwa.

Na snapshoti, zile nakala za volumu kama ilivyokuwa saa fulani? (Afisa kumbukumbu, Pangani)

Hizo ndizo za kuanza kufuta, pamoja na nakala ya mtambo wa pili na bakapu za tepu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazilinda taarifa za mtu popote zilipo, na tepu iliyo kabatini imo.