Kioo cha laptopu mbovu kuwa skrini ya dukani

SWALI: Laptopu yangu ilimwagikiwa chai, ubao mama ukaungua, lakini kioo cha inchi 15.6 ni kizima. Nataka nikitumie kutazama kamera za duka. Jirani ananiambia nikate waya wa kioo nifunge plagi ya HDMI. Itakubali? – Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Usikate chochote. Kioo cha laptopu hakipokei HDMI. Kinapokea LVDS au, katika laptopu za miaka ya karibuni, eDP, ambazo ni njia za ndani za kupeleka picha kwenye kioo. Ili kiunganishwe na rekoda ya kamera, lazima katikati kuwe na bodi ya kudhibiti kioo, ambayo inapokea HDMI na kuibadilisha.

Toa betri kwanza. Skurubu za fremu hufichwa chini ya vifuniko vidogo vya mpira. Zikishatoka, bandua fremu kwa kadi ya plastiki, si kwa bisibisi. Kigeuze kioo usome lebo ya mgongoni: utaona namba mfano wa B156XW02 au LP156WH4. Mpe muuzaji wa bodi namba hiyo yote hadi herufi ya mwisho. Jina la laptopu halimsaidii, maana modeli moja huweza kutoka kiwandani na vioo vya aina tofauti.

Kuhesabu pini za soketi ya kioo peke yake kunapotosha. Pini 30 zaweza kuwa eDP, zaweza pia kuwa LVDS ya zamani yenye taa ya mrija. Hii ya mrija ina nyaya mbili zinazotoka pembeni na plagi yao ndogo, na huhitaji inveta inayotoa mamia ya volti. Ukikuta ni hiyo, kwa maoni yetu tafuta kioo kingine cha LED.

Sasa jampa, yaani kile kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili kwenye bodi. Bodi nyingi za LVDS hukuruhusu kuchagua volti 3.3, 5 au 12 za kupeleka kwenye kioo. Kioo cha laptopu hutaka 3.3. Ukiwasha jampa ikiwa kwenye 12, umekichoma, na hakuna fundi atakayekifufua. Hakikisha pia pini ya 1 ya kebo imekutana na pini ya 1 ya bodi, na usichomeke wala kuchomoa kebo umeme ukiwa umewaka. Adapta ya volti 12, ampea 2 inatosha. Usiilaze bodi juu ya bati la mgongo wa kioo bila kuweka plastiki katikati, itapiga shoti.

SWALI: Nimeshaunganisha, lakini kioo kinawaka cheupe tupu. Kabla ya hapo kilionyesha picha mbilimbili zenye michirizi. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Hayo ni makosa mawili tofauti. Weupe maana yake taa inawaka ila data haifiki: zima, chomoa kebo upande wa kioo, irudishe ikiwa imenyooka, kisha ibane kwa utepe. Picha mbilimbili hutokana na programu ya bodi kutolingana na kioo. Kioo cha 1366 kwa 768 kwa kawaida hutumia njia moja ya LVDS, cha 1920 kwa 1080 hutumia mbili. Muuzaji apakie programu ya kioo chako. Na siku kikiwa cheusi, mulika tochi kwa pembeni: ukiona picha hafifu, kioo kinafanya kazi, taa ndiyo haipati umeme au amri ya kuwaka.

SWALI: Kwetu stima hupotea mara kwa mara. Naweza kuchukua umeme moja kwa moja kwenye betri ya sola ya volti 12? – Msomaji, Bungoma

JIBU: Si moja kwa moja. Betri ya asidi ikichajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi, na ikiisha hushuka chini ya 12. Weka kigeuzi kinachopandisha na kushusha volti, kirekebishe kwa mita hadi kitoe 12 kamili kabla hujakiunganisha na bodi, na fuse ya ampea 3 karibu na betri, kwenye waya wa chanya.