Picha ya harusi haiko mawinguni

Barua za mwezi huu zimenifanya nicheke, na moja imenikosesha usingizi kidogo. Hiyo nimeiweka mwisho.

Mjomba, shikamoo. Picha ya harusi ya marehemu mama iliwekwa kwenye grupu la ukoo mwaka juzi. Leo nikiigusa, simu inaniambia haipo, niombe itumwe tena. Grupu lipo, ujumbe upo, picha imekwenda wapi? (Binti, Tanga)

Marahaba mwanangu. Haijakwenda popote, kwa sababu haikuwahi kukaa huko unakodhani. WhatsApp si kabati, ni tarishi. Mtu akituma picha, mitambo yao huishika mpaka ifike kwa mwenyewe, na asiyeipokea husubiriwa kiasi cha siku 30, kisha inafutwa. Ile uliyokuwa ukiiona yenye ukungu ilikuwa kivuli tu. Ama hukuipakua siku ile, ama uliipakua ukaifuta simu ilipojaa.

Sasa picha iko kwenye simu za waliowahi kuipakua. Usiulize grupuni "jamani nani anayo?", utajibiwa na vikatuni vya kulia. Mpigie yule shangazi asiyefuta kitu, ambaye simu yake imejaa mpaka inagoma kupokea hata salamu. Kila ukoo unaye mmoja. Akiipata, mwambie aitume kama dokumenti, si kama picha. Ikienda kama picha hubanwa ili iwe nyepesi, na sura ya mama itazidi kufifia kila inapopita mkono mwingine. Halafu ulizeni albamu iko kwa nani, maana harusi ya mama yako bila shaka ilipigwa kwa filamu. Karatasi hiyo ndiyo picha yenyewe, hizi nyingine zote ni nakala.

Zamani nikiwa chuo nilikuwa nasoma blogu za Kiswahili kila siku. Juzi nimezitafuta, nyingi hazifunguki. Si walituambia kitu kikiingia mtandaoni hakitoki? (Mwalimu, Iringa)

Walituambia, na kwa picha za aibu huenda ni kweli. Kwa mambo mazuri mambo ni mengine. Taasisi ya Pew ya Marekani ilichunguza ikakuta kwamba kati ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013, asilimia 38 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Yahoo waliizima GeoCities mwaka 2009 pamoja na tovuti za watu zisizohesabika. MySpace walikiri mwaka 2019 kwamba nyimbo zilizopakiwa kwao kati ya 2003 na 2015 zimepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Hawakudukuliwa. Walikuwa wanahama nyumba tu!

Kila ukurasa una mtu anayeulipia pango: jina la tovuti kila mwaka, nafasi kwenye seva, na muda wa kufukuza matangazo ya kamari kwenye maoni. Mwenyewe akichoka, akifa, au akipata kazi inayombana, ukurasa unakwenda. Kizazi cha Ndesanjo Macha na Jikomboe yake, miongoni mwa blogu za kwanza kabisa za Kiswahili, kiliandika kwa mapenzi, bila malipo. Halafu kwetu Tanzania zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, ada zake za leseni zilipojumlishwa zilifika shilingi milioni 2.1 kwa mwenye blogu. Jukwaa kubwa la mijadala, JamiiForums, lenyewe lilizima kwa muda Juni mwaka huo. Kanuni zimerekebishwa baadaye, lakini mwandishi wa mashairi wa Songea aliyefunga blogu yake siku ile hakurudi kuifungua, na mimi simlaumu.

Ukikumbuka anwani kamili, ijaribu kwenye Wayback Machine ya Internet Archive. Wanakusanya nakala za kurasa tangu 1996. Nimewahi kuikuta humo makala yangu mwenyewe, pamoja na makosa yake ya tahajia.

Mei 2024 mtandao ulikwama nchi nzima. Kijiweni mmoja anasema intaneti inashuka kutoka satelaiti, mwingine anasema ni waya baharini uliotafunwa na papa. Nani mkweli? (Bodaboda, Mbagala)

Wa waya yuko karibu zaidi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 zilikatika nyaya mbili za baharini kwa pamoja, EASSy na Seacom, upande wa Afrika Kusini. EASSy inaambaa pwani yetu kutoka Mtunzini huko kusini hadi Port Sudan. Njia ya kaskazini nayo ilikuwa na jeraha, kwa kuwa miezi michache nyuma nyaya kadhaa zilikatika Bahari ya Shamu, na inaaminika ni nanga ya meli Rubymar, iliyopigwa na Wahouthi wa Yemen ikawa inaelea ikiikokota. Ndiyo maana pigo la Mei lilituuma vile.

Wa satelaiti hadanganyi, ila habari yake ni ya zamani. Kabla ya nyaya za baharini kufika mwaka 2009 tulikuwa tunategemea madishi. Nilikuwa na intaneti kafe Kariakoo, dishi liko juu ya paa, na masika yakishuka sawasawa wateja walikuwa wanarudishiwa hela zao. Papa? Meno yake yamewahi kuonekana kwenye waya, lakini adui mkubwa ni nanga na nyavu za meli za uvuvi. Huko kwenye kina kirefu waya wenyewe haupiti sana unene wa dole gumba.

Wifi yangu kila tukikorofishana anaweka stetasi: "Mtasema mchana, usiku mtalala." Jina langu hataji. Nimjibu kwa stetasi yangu? (Mke wa mtu, Mombasa)

Dada yangu, wewe uko Mombasa na unaniuliza mimi? Hapo Biashara Street, Kaderdina Hajee Essak alikuwa akiuza kanga zake za "Mali ya Abdulla" zenye maneno kabla babu zetu hawajaona redio. Hilo fumbo la wifi yako lenyewe ni jina la kanga! Hakuna kipya alichokibuni, amehamisha tu pindo kulitia kwenye kioo.

Ila kuna tofauti, na ndiyo inayokuumiza. Mwenye kanga alipita nayo uani, ukaiona, na ukiuliza anasema "mie nimeipendea rangi." Hakuweza kujua kama umeisoma, wala umeisoma saa ngapi. Ungeweza kujifanya hukuona, na kujifanya hukuona ndiko kulikowezesha watu kuishi nyumba moja miaka 40. Stetasi inampa orodha. Anajua umefungua, na saa ngapi. Ukiamka saa tisa usiku ukafungua mpya aliyoweka, na hilo analijua pia. Fumbo la kanga lilimwachia mlengwa heshima yake, hili limemwekea karani wa mahudhurio.

Kwa hiyo usijibu. Ingia kwenye mipangilio ya faragha, zima alama za kuthibitisha umesoma. Jina lako litatoweka kwenye orodha yake. Bei yake ni kwamba nawe hutaona tena nani ametazama za kwako, na najua hapo ndipo utakaposita. Baada ya saa 24 maneno yake yatajifuta yenyewe, jambo ambalo kanga nzuri haifanyi. Na akikuuliza kama umeona stetasi yake, mwambie bando lilikuwa limekata.

Baba mkwe hutuma picha ya maua na "asubuhi njema" kila siku kwenye simu yangu. Inajaza memori. Nimblokije bila kumkosea adabu?

Usimbloki. Zima upakuaji wa picha wa otomatiki, basi, memori yako itapumua. Wazee waliandika kwamba waraka ni nusu ya kuonana, na mzee huyu anaonana nawe kila siku. Siku maua yasipofika, piga simu.

Baba yangu ana duka. Alipata ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Kweli alikuwa anadaiwa na msambazaji wake, akatuma shilingi 180,000. Walijuaje kwamba anadaiwa? (Mtoto wa tatu, Morogoro)

Hawakujua. Utazame tena huo ujumbe. Hauna jina, hauna kiasi, hauna hata salamu. Una neno moja linalofanya kazi yote: "ile." Katika Kiswahili humwambii mtu "ile" ila kwa kitu mnachokijua wote wawili. Tapeli ametuma kwa maelfu, na kila mwenye deni alijaza mwenyewe ile yake: ada, pango, mzigo wa sukari. Aliyebuni ujumbe huo anaijua lugha yetu kuliko wengi wanaoifundisha.

Pesa ikishatumwa, ni mbio. Pigeni mtandao wenu wa simu papo hapo, maana kama haijatolewa, bado inaweza kuzuiwa. Ujumbe wenyewe na namba ya tapeli vipelekwe 15040, namba ya kuripoti utapeli. Na baba abonyeze *106# aone kama kuna laini nyingine zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, kwa sababu huyo aliyemtapeli huenda naye hakutumia jina lake mwenyewe.

Msimgombeze mbele ya wateja. Kaa naye jioni moja dukani, mchukue lile daftari la madeni, na mbele ya kila jina la msambazaji mwandike namba yake ya simu, kwa kalamu ya wino. Ujumbe ukija tena, apige namba ya daftarini kwanza.