Deni lake, deni langu: barua za mke na mume

Barua za mwezi huu karibu zote zimebeba neno moja, kufilisika. Wako wanaolitaja kama dawa, wako wanaolinong'ona kama aibu ya ukoo. Nimechagua tano.

Asalaam alaykum. Sisi asili yetu Makunduchi, tunaishi Columbus, Ohio. Mume wangu aliachishwa kazi na tumeishi kwa kadi za mkopo hadi deni limefika dola 41,000, mbali na deni la kaka yangu. Wakili anataka tujitangaze mufilisi pamoja. Ni lazima pamoja? Na mbele ya Mungu je?

Waalaykum salaam, dada yangu. Si lazima. Marekani mke na mume wanaruhusiwa kufungua shauri moja kwa ada moja, lakini hata mmoja anaweza kwenda peke yake. Zitandike kadi zote mkekani uangalie majina. Ohio haimo katika yale majimbo tisa ya mali ya pamoja, kama Texas na California, kwa hivyo kadi aliyoiomba mume peke yake ni deni lake, hata kama wewe ulipewa ya pili ya kununulia vitu dukani. Mliyosaini wote wawili ni ya wote, na yeye akifutiwa, wadai watakugeukia wewe kwa deni zima. Ikiwa mengi ni ya kwake, mimi ningekuacha nje. Ufilisi wa Sura ya 7 (Chapter 7) ya sheria ya ufilisi ya Marekani hukaa kwenye rekodi ya mikopo miaka 10, na nyumba inahitaji mtu mmoja ambaye jina lake bado linakopesheka.

Hiyo Sura ya 7 inafuta madeni ya kadi ndani ya miezi michache, lakini kipato cha nyumba nzima kinapimwa kwanza, na mali isiyolindwa na sheria inaweza kuuzwa. Kipato kikizidi kipimo, inabaki Sura ya 13, ambayo ni mpango wa kulipa kidogo kidogo kwa miaka 3 hadi 5. Kwa vyovyote, mwombaji lazima apate ushauri wa madeni ndani ya siku 180 kabla ya kufungua. Faida moja ni ya papo hapo: shauri likishafunguliwa, simu za wadai na kesi zao husimama.

Sasa nikwambie linalonitia khofu, maana wakili wa Ohio hawezi kujua vya kukuuliza. Mna kiwanja Fuoni? Kiandikeni. Mahakama inataka mali yote popote ilipo duniani, na kuficha ni kosa la jinai. Usizitume bangili kwa mama "azihifadhi" halafu ukasema huna kitu. Na lile deni la kaka yako, ambalo najua ndilo linalokunyima usingizi, usilikimbilie kulilipa kabla ya shauri. Malipo kwa ndugu ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufungua yanaweza kudaiwa yarudi, na atakayedaiwa ni huyo huyo kaka uliyetaka kumstiri. Mambo ya anasa yaliyochanjwa kwenye kadi siku 90 za mwisho nayo hutiliwa shaka. Kadi zifungieni sandukuni.

Kuhusu Mungu, waulizeni masheikh wenu, lakini nilivyofundishwa mimi ni kwamba hukumu ya mahakama haimalizi haki ya aliyekukopesha. Suratul Baqara, aya ya 280, inasema mwenye deni akiwa katika dhiki apewe muda mpaka afarijike. Na hapa sheria ya Marekani haikufungi mikono: deni lililofutwa huwezi kulazimishwa kulilipa, ila ukipata nafuu na ukataka kulilipa kwa hiari, hakuna anayekuzuia. Wengi hawalijui hilo, wanadhani ni lazima wachague kati ya mahakama na dhamiri.

Mimi mwalimu wa skuli, Mwera. Nimegundua mume wangu amempa mkopeshaji wa mtaani kadi yake ya benki na namba ya siri. Deni ni shilingi 500,000, riba asilimia 30 kwa mwezi, na huu mwezi wa nne mshahara ukiingia unatolewa na yule bwana. Na sisi tujitangaze tumefilisika?

Mwalimu, ufilisi wa mahakamani ni safari ndefu kwa deni la shilingi 500,000. Hesabu yako ni fupi zaidi. Umesema riba ni asilimia 30 kwa mwezi, yaani 150,000. Miezi minne mmeshatoa 600,000 na laki tano bado iko pale pale, haijaguswa. Ndiyo maana watu wakaiita kausha damu.

Mumeo aende kwa mkopeshaji na shahidi mtu mzima, ikiwezekana mbele ya sheha, waandikishane asili ya deni, kilicholipwa na kilichobaki. Kisha aende benki mwenyewe abadilishe namba ya siri na aombe kadi mpya. Deni atalilipa, lakini kwa mkono wake. Ukiwa na zamu ya mchezo wa kupeana fedha kazini, omba wenzako wakupe ya mwanzo mlimalize kwa mara moja. Usichukue mkopo wa mshahara kabla hajakuonesha madeni mengine, kwa sababu mume aliyeficha moja, mara nyingi kuna la pili chini ya godoro.

Niko Wete. Nina deni la pembejeo na la duka. Nimemwambia mke wangu auze dhahabu yake, kakataa, kaenda kwao. Si wajibu wake kunisaidia?

La, kaka. Dhahabu ni yake, mahari ni yake, na deni la mume halimpandi mke kwa kuwa wanalala nyumba moja. Suratun Nisaa, aya ya 4, inakuruhusu kula alichokupa kwa kuridhika nafsi yake, na aliyebeba mkoba akaenda kwao hajaridhika.

Mfuate, uombe radhi, na uende na karatasi. Andika unadaiwa nini na nani, na karafuu zako unazitarajia lini. Mdai wa duka mwambie utalipa utakapoziuza kwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Watu wa Pemba wanaijua subira ya msimu, mradi wasikimbiwe. Mkeo akikubali kukukopesha, andikianeni gramu, si shilingi, ili umrudishie uzito ule ule hata bei ikipanda. Mwenye duka la sonara hununua kwa mizani. Ujira wa nakshi uliolipwa siku ile haurudi.

Tuko London. Je, mke na mume wanafungua ufilisi pamoja huku Uingereza?

Hapana. England na Wales kila mtu anaomba kivyake na ada yake ni pauni 680, kwa hivyo nyinyi wawili ni 1,360. Kwa kawaida mtu huachiliwa baada ya miezi 12, rekodi ya mikopo hubaki nayo miaka sita. Kwa wenye deni dogo na wasio na mali kuna amri ya nafuu ya madeni (Debt Relief Order), nyepesi zaidi. Iulizieni hiyo kwanza.

Sisi wachumba, Jang'ombe. Begi la bibi harusi, ukumbi na mpambaji vimetushinda, tumeanza kukopa kwenye programu za simu, tayari laki mbili. Tukioana deni si tutagawana?

Wanangu, mnagawana deni kabla hamjagawana kitanda! Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zinazokopesha bila leseni. Angalieni kama yenu imo, maana baadhi yao mkichelewa siku mbili wanawapigia mawifi na wakwe zenu wote waliomo kwenye simu. Ndoa inataka walii, mashahidi na mahari, mpambaji hayumo. Kuifuta programu kwenye simu hakufuti deni, kwa hivyo lipeni kwanza hizo laki mbili mlizokwisha kuchukua, ndipo muulizane tena habari za ukumbi.