Wasomaji Wanauliza: Shahada ya Elimu ya Awali

SWALI: Nina stashahada ya ualimu wa awali na nafundisha shule binafsi. Kidato cha sita sikusoma. Wenzangu wanasema shahada ya elimu ya awali ni kupoteza miaka mitatu ili uje uimbishe watoto. Niende? – Mwalimu, Singida

JIBU: Mwalimu, kama nia yako ni kubaki darasani tu, stashahada uliyonayo inatosha. Shahada isome ukitaka kuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, afisa elimu, au kufanya kazi kwenye miradi ya malezi na makuzi. Miradi hiyo imepata nguvu tangu Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto (PJT-MMMAM) izinduliwe Desemba 2021, maana inagusa afya, lishe, malezi yenye mwitikio (mlezi kuitikia mahitaji ya mtoto), ujifunzaji wa awali na ulinzi wa mtoto. Anayejua mtoto wa miaka mitatu anawezaje kujifunza kwa kucheza anahitajika hata nje ya shule.

Kidato cha sita kisikutie hofu. Kwa mwenye stashahada ya ualimu, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) huangalia wastani wa B pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, kuanzia D. Chuo kinaweza kuongeza masharti yake, kwa hiyo soma mwongozo wa udahili wa mwaka huohuo, usitumie wa mwaka jana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) na cha Dodoma (UDOM) vyote vina shahada hii. Maombi unatuma chuoni moja kwa moja. Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja kwa namba ya siri utakayotumiwa, kabla ya siku ya mwisho. Wengi hupoteza nafasi hapo. Mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, unaombwa kando na udahili, na cheti chako cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi.

Kabla hujathibitisha, uliza swali hili: TP, yaani mazoezi ya kufundisha, inafanyika darasa gani? Mwanachuo akipelekwa darasa la tano, anarudi hajui kupanga kona za kujifunzia, wala kuwaongoza watoto 25, uwiano unaotakiwa kwa mwalimu mmoja, sembuse 80 wanaokutwa kwenye madarasa mengi. Omba darasa la awali, na uombe kwa maandishi.

SWALI: Nimehitimu shahada hiyo, nataka kufungua kituo mtaani. Nisajili wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Inategemea utafanya nini. Kituo cha kulelea watoto mchana husajiliwa kupitia ustawi wa jamii, anzia ofisi ya halmashauri yako. Shule ya awali iko chini ya Wizara ya Elimu, na mdhibiti ubora wa shule atakagua eneo, vyoo na sifa za walimu. Kosa la kawaida ni kupata kibali cha kulea kisha kuandika “shule” kwenye bango na kuwafundisha watoto mtaala wa awali. Amua kwanza, ndipo ulipie pango.