Futa Kwanza, Osha Baadaye

Swali la wiki hii lilikuwa: kwa nini sinki la jikoni huziba siku ya Idi au Krismasi hasa, na mwenye nyumba afanye nini kabla ya kumtafuta fundi bomba, ambaye naye yuko kwake anakula pilau? Mhariri aliongeza kwamba wasomaji walioko Marekani wanauliza kuhusu mashine za kusagia mabaki zinazofungwa chini ya sinki. Nitafika huko, ila nianze na bomba.

Sinki halichagui siku. Bomba lake katika nyumba nyingi ni la inchi moja na nusu, karibu milimita 40 kwa ndani. Likijengeka tabaka la mafuta la milimita 5 pande zote, njia inabaki milimita 30, na ukipiga hesabu ya eneo utakuta nafasi ya kupita maji imebaki zaidi kidogo ya nusu. Kwa vikombe vya chai na sahani nne za jioni nusu hiyo inatosha, wala hakuna anayegundua. Siku ya sikukuu yanakuja masinia, sufuria mbili za pilau, na watu wanaopokezana kusuuza bila bomba kupata nafasi ya kupumua. Hapo ndipo maji yanaposimama, na lawama anabebeshwa aliyekuwa anaosha dakika hiyo.

Mafuta hayafanani. Ya mbuzi, kondoo na ng'ombe huanza kushika yakishuka chini ya nyuzi 40 hivi, na maji ya bombani Dar es Salaam au Mombasa huwa chini ya 30. Kwa hiyo hata Pwani kwenye joto, mafuta ya mbuzi yaliyoelea juu ya mchuzi yanaganda kwenye kona ya kwanza chini ya sinki. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Yatapita Tanga bila shida, lakini Nairobi mwezi wa Julai, au Arusha usiku, yanageuka nta ndani ya bomba. Mafuta ya kupimia, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya mawese, yana tabia hiyo hiyo. Waulize watu wa Njombe na Mbeya wanaoyakuta yameganda kwenye dumu asubuhi. Alizeti haigandi, na hiyo imewadanganya wengi wakadhani inaweza kumwagwa tu. Kitakachoipata nitakieleza tukifika kwenye chemba.

Mafuta peke yake huchukua muda mrefu kuziba. Kinachomaliza kazi haraka ni wanga. Punje za wali zikilala kwenye maji huvimba na kulainika, zinanata kwenye mafuta, na kila punje inayofuata inashikwa na zile zilizotangulia. Ugali na uji ni vivyo hivyo. Adui mkubwa kuliko wote jikoni kwetu, kwa maoni yangu, ni machicha ya nazi: ni nyuzi nyuzi, hayaozi upesi, na yana mafuta yake yenyewe. Mtu anachuja tui, anasuuza kifumbu sinkini, anaona maji yameshuka, anaridhika. Ongeza vipande vya mdalasini, maganda ya iliki, karafuu, majani ya chai, magamba ya samaki, na jivu au mchanga wa kusugulia sufuria, utakuwa umetengeneza zege. Jivu na mchanga ni vizito, vinatulia chini ya trapu, ile kona iliyopinda chini ya sinki inayobaki na maji ili harufu isirudi.

Ushauri unaosikika kila mahali ni kumwaga maji yanayochemka. Una kasoro mbili. Kwanza, mabomba ya plastiki ya kawaida huanza kulegea maji yakizidi nyuzi 70 na kitu. Yakimwagiwa maji ya kuchemka mara kwa mara yanapinda, na gundi na mipira ya kwenye viungo inaharibika. Pili, maji ya moto hayaondoi mafuta, yanayahamisha. Yanayeyuka chini ya sinki, yanapoa mita tatu mbele, yanaganda mahali ambapo mkono haufiki. Ukitaka kusuuza bomba baada ya kazi, changanya lita moja ya maji yaliyochemka na lita moja ya bombani. Utapata nyuzi 60 na kidogo, zinatosha. Fanya hivyo kama usafi wa mwisho, usiifanye ndiyo dawa. Sabuni ya maji nayo ni hivyo hivyo: inayavunja mafuta yawe matone madogo, lakini ikishachanganyika na maji mengi nguvu inaisha na matone yanakutana tena.

Yakikutana tena, mara nyingi ni ndani ya chemba ya saruji. Mafuta yanayokaa kwenye maji machafu huvunjika na kutoa asidi zake, na asidi hizo zikikutana na kalisi, iwe ya maji ya chumvi ya kisima au ya saruji yenyewe, hutengeneza kitu kigumu cheupe kama sabuni ya mche iliyokauka. Hapo alizeti na mbuzi hawana tofauti. Mwaka 2017 chini ya mtaa wa Whitechapel, London, lilikutwa bonge la namna hiyo, mafuta na vitambaa vya kufutia, lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Wafanyakazi walilikata kwa mashine za maji yenye msukumo kwa wiki kadhaa.

Sasa kazi yenyewe. Wiki moja kabla ya sikukuu, ziba sinki, lijaze maji nusu, kisha zibua kwa mkupuo mmoja. Maji yakishuka yakizunguka mpaka yakaisha bila kusita, bomba ni zima. Yakipiga mabubujiko ya glu-glu au yakisimama kidogo kabla ya kuendelea, tayari kuna tabaka. Weka ndoo chini ya trapu, fungua nati zake kwa mkono. Nyingi ni za plastiki na spana itazipasua. Toa uchafu, sugua kwa brashi ya chupa, kagua washa za mpira: iliyobapa au kupasuka ibadilishe, bei yake ni ndogo kuliko kabati lililooza. Rudisha, kaza kwa mkono tu, mwaga maji na pitisha karatasi kavu kwenye viungo kuona kama panavuja. Kisha nenda nje, inua mfuniko wa chemba ya kwanza. Ukikuta ngozi nyeupe inaelea, ichote kwa kata kuukuu, ichanganye na pumba za mbao au jivu kwenye mfuko, itupe na taka ngumu. Usiisukume kwa maji. Itaenda kuziba shimo la kufyonza maji, na hilo kulizibua ni kuchimba jipya.

Ukiwa hapo angalia na mteremko. Bomba la jikoni linahitaji kushuka sentimita 2.5 hivi kwa kila mita. Umbali wa mita nne ni sentimita kumi, kitu ambacho kamba na pima maji vinaonyesha kwa dakika tano. Mafundi wanaolaza bomba kwa macho ndio chanzo cha sinki zinazoziba kila mwaka, na hakuna usafi utakaorekebisha bomba lililolala bapa.

Siku yenyewe, mpangilio unashinda juhudi. Kabla sahani haijagusa maji, mabaki yakwanguliwe kwenye ndoo ya kuku au ya taka, kisha sahani na sinia vifutwe kwa gazeti kuukuu au karatasi ya jikoni. Sufuria ya pilau ifutwe ikiwa bado ya vuguvugu, maana ikipoa mafuta yanashika na ukoko. Kwenye tundu la sinki weka chujio lenye matundu ya milimita mbili au tatu. La matundu makubwa linapitisha wali wote. Mtu mmoja apewe kazi ya kulimwaga kila linapojaa, kwa sababu lisiposimamiwa anayeosha atalinyanyua ili maji yapite, na hapo umerudi ulikoanza. Maji ya kulowekea sufuria yachujwe kwa kitambaa kabla ya kumwagwa.

Mafuta ya kukaangia sambusa na kaimati yaache yapoe, yachuje, yatie chupani. Yaliyochoka kabisa yachanganye na jivu au pumba za mbao kwenye kopo mpaka yawe tope, ndipo uyatupe. Anayepika kwa biashara nyumbani afikirie kujengewa kisanduku cha kunasa mafuta kati ya sinki na chemba, kabla bomba la choo halijaungana nalo. Cha lita 50 hivi kinasaidia, mradi bomba la kutokea linachukua maji kutoka karibu na chini, mafuta yabaki yakielea. Kikifika robo ya kina chake kwa mafuta na tope, kisafishwe.

Likiziba licha ya yote, anza na pampu ya mpira. Maji yafunike mpira wote. Tundu la pembeni la kuzuia kufurika lizibwe kwa kitambaa kibichi, na kama sinki ni pacha, la pili lizibwe pia, la sivyo unasukuma hewa tu. Piga mara 15 au 20 kwa mfululizo, kisha ng'oa kwa nguvu. Ikishindikana fungua trapu, halafu waya wa springi kupitia ukutani. Kostiki, ile dawa kali ya kuzibulia mabomba, iwe ya mwisho, na mimi ningeiacha kabisa. Ikikutana na mafuta mengi na maji machache inatengeneza sabuni inayoganda palepale, inakula aluminiamu, na fundi atakayefungua trapu baadaye itamuunguza mikono na macho. Kamwe usiichanganye na asidi ya kuzibulia. Wala usimwage asidi mahali ulipomwaga jiki: jiki na asidi vikikutana hutoa gesi ya klorini, na katika jiko dogo lililofungwa gesi hiyo inaua.

Kwa walioko Marekani, mafundi bomba huko huwa na kazi nyingi kesho yake baada ya sikukuu ya Shukrani, ile Alhamisi ya nne ya Novemba. Mashine ya kusagia mabaki, iliyobuniwa na John Hammes huko Racine, Wisconsin, mwaka 1927, haina visu kama wengi wanavyodhani. Ina sahani inayozunguka na vidole vya chuma vinavyorusha mabaki kwenye duara lenye meno. Ndiyo maana nyuzi za maganda ya ndizi na mabua ya mboga huizonga, na maganda ya viazi na wali hugeuka gundi inayopita mashineni salama na kukwama kwenye trapu. Fungua maji baridi kabla ya kuiwasha, tia kidogo kidogo, na uyaache yatiririke sekunde 15 baada ya sauti kulainika. Ikinguruma bila kuzunguka, zima, chomoa umeme, ingiza ufunguo wa umbo la L wa robo inchi kwenye tundu la katikati chini yake, zungusha huku na huku mpaka iachie, kisha bonyeza kitufe chekundu. Usitie mkono ndani, tumia koleo. Ambao maji yao yanaishia kwenye shimo badala ya mtandao wa mji waitumie kwa nadra, kwani kila kinachosagwa kinakwenda kuongeza tope na kulijaza shimo kabla ya wakati.

Dalili moja haihusiani na sinki hata kidogo: ukifungua maji jikoni na choo kikaanza kububujika, au maji ya bafuni yakapanda, acha pampu na springi. Tatizo liko kwenye bomba kuu au shimo limejaa, na wa kumpigia simu ni mwenye gari la maji taka.