Re: Daraja linaloelea linabebaje malori bila kuzama?

Mkuu, umeuliza zege linaeleaje. Siri ni uwazi wa ndani: maboya ya daraja ni masanduku makubwa ya zege, matupu, yenye vyumba vilivyotengwa ili kimoja kikivuja maji yasisambae. Lori likipita, boya linadidimia kidogo tu.

Wanaongoza kwa urefu ni Seattle, Marekani. Daraja la SR 520 (jina la barabara kuu inayopita juu yake) la mwaka 2016 lina karibu mita 2,350 na maboya 77. Ziwa Washington, ambalo daraja hilo linalivuka, ni refu kwenda chini na sakafu yake ni tope laini, kwa hiyo kusimamisha nguzo ni shughuli pevu. Nyaya za chuma zilizofungwa kwenye nanga ndizo hulizuia daraja lisisukumwe na upepo. Daraja la Nordhordland, Norwei, halina nanga katikati. Limepindwa kama upinde na kushikwa kingoni. Hilo ndilo linalonikosha zaidi.

Kuzama kupo. Novemba 1990, humohumo Ziwa Washington, daraja jingine la zamani lilikuwa kwenye ukarabati, maboya yakiwa yameachwa wazi. Dhoruba ikapiga, maji yakaingia, yakazama moja baada ya jingine. Bahati nzuri daraja lilikuwa limefungwa, magari hayapiti.